Kila mstari una mwenyewe: jinsi ya kusoma ufyonzaji wa urujuanimno katika angahewa ya kibete cheupe

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye kompyuta ya kawaida, bando la kutosha, fizikia ya kidato cha sita na ukaidi kidogo. Darubini huhitaji. Hata ungekuwa nayo isingekufaa kitu, kwa sababu mwanga tunaoutafuta haufiki chini: ozoni na oksijeni ya angahewa yetu huumaliza huko huko juu. Darubini zilizorushwa angani zilishaukusanya, na data zake zimewekwa wazi kwa yeyote, bila malipo. Kilichobaki ni kuzisoma, na hapo ndipo penye kazi.

Nyota yetu ni G191-B2B. Jina kama namba ya gari, lakini ni vibete vyeupe vichache mno vilivyopimwa kwa urujuanimno kwa kina kama hiki, kwa kuwa darubini ya angani ya Hubble hukitumia kibete hiki kusawazishia vyombo vyake. Kipo umbali wa miakanuru 170 hivi, katika kundinyota la Hudhi. Ukiwa Dar es Salaam au Nairobi, mwezi Januari saa tatu au saa nne usiku, geukia kaskazini: ile nyota ang'avu ni Ayuki, ambayo ramani nyingi huiandika Capella. G191-B2B iko chini yake, digrii saba hivi kuelekea upeo. Kwa macho huioni, mng'ao wake ni wa daraja la 11.8. Hata hivyo mimi napenda kujua ninachokisoma kipo upande gani wa paa la nyumba yangu.

Kwanza, ujue unachokitazama

Kibete cheupe ni kiini kilichobaki baada ya nyota ya aina ya Jua kumaliza nishati yake na kumwaga magamba yake ya nje. Hiki chetu kina uzito wa zaidi kidogo ya nusu ya Jua, uliobanwa ndani ya tufe lenye kipenyo kama mara mbili ya Dunia. Mvutano juu ya uso wake unazidi ule wa Dunia mara 30,000 na ushee. Joto la uso ni kelvini 52,500 hivi. La Jua ni 5,800.

Namba hizo mbili, mvutano na joto, ndizo zinazogombana katika hadithi nzima. Kwa mvutano huo, vitu vizito vinapaswa kuzama vyote, kama mashapo ya kahawa yanavyotulia chini ya dele, na juu ibaki hidrojeni tupu. Ukiitazama nyota hii kwa mwanga wa kawaida utaamini kwamba ndivyo ilivyo: mistari ya hidrojeni (yaani mapengo pale atomu zake zilipofyonza mwanga), mipana, basi. Lakini joto nalo linasukuma. Mwanga unaotoka ndani ni mkali kiasi kwamba ioni za chuma, nikeli, kaboni na wenzao, kila zinapoufyonza, hupigwa kumbo kwenda juu. Zinabaki zikielea. Si nyingi: kwa makadirio ni atomu mbili hivi za chuma kwa kila milioni moja za hidrojeni. Ila katika urujuanimno hizo chache zinaonekana kama moshi ndani ya chumba.

Kwa nini urujuanimno na si kwingine? Sababu ni mbili. Nyota yenye joto hili inang'aa zaidi karibu na urefu wa wimbi wa angstromu 550 (angstromu 10 ni nanomita 1), mbali kabisa na macho yetu yanayoanzia kama 4000. Pili, kwenye joto hilo chuma kimeshapoteza elektroni nne, na ioni iliyovuliwa kiasi hicho hufyonza mistari yake mingi kati ya angstromu 1100 na 1700. Wataalamu huiandika Fe V. Tahadhari hapo: namba ya Kirumi huzidi elektroni zilizopotea kwa moja. Fe I ni chuma kizima, Fe II kimepoteza moja, Fe V nne. Kila anayeanza huchanganyikiwa hapo, na wengine wetu tulichanganyikiwa muda mrefu kuliko tunavyopenda kukiri.

Hatua ya 1: Chukua data

Fungua hifadhi ya MAST, inayotunza data za darubini za angani za Marekani. Kwenye kisanduku cha kutafutia andika G191-B2B. Yatakuja mengi mno. Chuja hivi: darubini HST (ndiyo Hubble), chombo STIS (kipima-spektra chake), kipokezi FUV-MAMA, kichujio E140H. Hicho E140H ni grati inayotawanya mwanga kwa ukali wa hali ya juu. Inaweza kutenganisha vitu viwili vinavyopishana mwendo kwa kilomita 2.6 tu kwa sekunde. Ukikosa, E140M itakusaidia kwa kuanzia, ingawa ukali wake haufiki nusu ya huo. Kwa mawimbi marefu zaidi, ya 1700 hadi 3100, chukua E230H.

Ukitaka mawimbi mafupi, chini ya 1150, Hubble haikufai kwa ukali huo. Huko nenda kwenye data za FUSE, setilaiti iliyofanya kazi kuanzia 1999 hadi 2007 ikipima kati ya 905 na 1187. Anza na Hubble lakini. FUSE ina mambo yake.

Pakua mafaili yanayoishia na _x1d.fits. Hayo yameshasafishwa: mwanga umeshakusanywa, mawimbi yameshapimwa, na mwendo wa Dunia kulizunguka Jua umeshaondolewa. Usianze na mafaili ghafi. Ni kama kununua ng'ombe kwa sababu unataka chai ya maziwa.

Hatua ya 2: Fungua, tazama, kisha unganisha

Tumia Python na maktaba ya Astropy. Ndani ya faili utakuta jedwali ambalo kila safu yake si spektra nzima (mwanga wote uliotawanywa kwa urefu wa wimbi), bali kipande kimoja. Grati ya aina hii huukata mwanga vipande vipande vinavyopandana kidogo kwenye ncha. Kwa kila kipande chukua nguzo nne: WAVELENGTH, FLUX, ERROR na DQ. Hiyo ya mwisho ni alama ya ubora: pikseli yenye sifuri haina kasoro iliyojulikana, yenye namba nyingine isome maana yake kabla ya kuiamini.

Chora kipande kimoja kwanza. Kimoja tu. Wanafunzi hukimbilia kuunganisha vyote halafu wanabaki na grafu kama ua wa makuti, hawajui fito ipi ni ya wapi. Chora kipande chenye angstromu 1548 ndani yake, kitanue mpaka uione pikseli mojamoja, ukae nacho.

Baada ya hapo ndipo uunganishe. Pale vipande vinapopandana, pima wastani kwa kuipa uzito zaidi pikseli yenye kosa dogo. Fanya hivyo hivyo kwa picha za siku tofauti. Nyota hii imepigwa mara nyingi, na hapo ndipo utajiri wake ulipo: ukiunganisha picha nne zenye ubora sawa, kelele inapungua kwa nusu. Mwaka 2013 Simon Preval na wenzake waliunganisha karibu kila kilichokuwepo, cha Hubble na cha FUSE, wakahesabu mistari 976 ya ufyonzaji, na 947 kati yake wakaitambua. Ishirini na tisa iliyobaki ilikosa mwenyewe.

Hatua ya 3: Tafuta orodha ya mistari, na uishuku

Unahitaji orodha ya urefu wa mawimbi uliopimwa maabara. Ile ya NIST, taasisi ya vipimo ya Marekani, ndiyo ya kwanza kuitazama. Anza na hii michache, uiandike kwenye karatasi uibandike ukutani:

Kaboni C IV: 1548.203 na 1550.777
Nitrojeni N V: 1238.821 na 1242.804
Silikoni Si IV: 1393.755 na 1402.770
Oksijeni O V: 1371.296
Silikoni Si II: 1260.422 na 1526.707
Kaboni C II: 1334.532
Oksijeni O I: 1302.168

Chuma na nikeli sikuziandika kwa sababu ni mamia. Zitachukuliwa moja kwa moja kutoka kwenye orodha na kompyuta yako.

Sasa kosa langu, ili usilirudie. Baada ya kuridhika na mistari mifupi nilihamia kwenye E230H kutafuta magnesi, Mg II, ambayo iko karibu na 2796. Nikapima, nikakokotoa, nikapata mwendo wa kilomita 107 kwa sekunde, wakati mistari mingine yote ya gesi ile ile, iliyo kati ya nyota, ilikuwa inaniambia 19. Nilikaa na jambo hilo usiku kucha. Nikaanza hata kuota kwamba nimegundua wingu jipya. Kumbe orodha niliyoitumia, kama orodha nyingi za zamani, huandika mawimbi yaliyo juu ya 2000 kama yanavyopimwa ndani ya hewa, na Hubble haiko ndani ya hewa. Hewani mstari ule ni 2795.528, kwenye ombwe ni 2796.352. Tofauti hiyo ndogo ni kilomita 88 kwa sekunde. Wingu langu likafa asubuhi. Hakikisha orodha yako ni ya ombwe kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Hata orodha sahihi ina mipaka. Kosa la elfu nne za angstromu kwenye 1400 ni kama kilomita 0.86 kwa sekunde, na vipimo vya zamani vya Fe V na Ni V vilikuwa na makosa ya kiwango hicho. Hilo si jambo la kupuuza. Mwaka huo huo wa 2013 Julian Berengut na wenzake waliitumia nyota hii hii kuuliza swali zito: je, nguvu inayoshika elektroni ndani ya atomu hubadilika pale mvutano unapokuwa mkali? Chuma kilitoa jibu moja, nikeli jibu jingine lenye alama iliyo kinyume. Mshukiwa mkuu hakuwa nyota, alikuwa maabara ya duniani. Mwaka 2019 watafiti wa NIST wakatoa vipimo vipya vya ioni hizo mbili. Kwa hiyo ukichukua orodha ya chuma na nikeli, angalia mwaka wake.

Hatua ya 4: Mpe kila mstari mwenyewe wake

Hapa ndipo ningekuomba ukae. Mwanga kabla ya kufika Hubble umepita sehemu nyingi. Umetoka kwenye nyota, labda umepita kwenye gesi iliyo jirani nayo, kisha umekatiza mawingu mepesi yanayoelea kati ya nyota. Kila mmoja amekata kipande chake. Mstari kwenye grafu haukuambii nani ameukata, lazima umbane.

Swali la kwanza la kumbana nalo ni mwendo. Kanuni yenyewe ni hii:

mwendo = 299,792 × (wimbi lililopimwa − wimbi la maabara) ÷ wimbi la maabara

Jibu ni kilomita kwa sekunde; likiwa chanya kitu kinakwenda mbali nasi. Rudi kwenye kile kipande cha 1548. Kwenye mstari wa C IV utaona mabonde mawili, si moja. Bonde moja lina kitovu karibu na 1548.326. Toa 1548.203, unapata 0.123; zidisha, gawanya: kilomita 23.8. La pili lipo karibu na 1548.246, tofauti 0.043, kilomita 8.3. Kaboni ile ile, grafu ile ile, miendo miwili. Ioni moja haiwezi kuwa na miendo miwili mahali pamoja, basi mahali ni pawili.

Ni bonde lipi la nyota? Usibahatishe. Uliza mistari ambayo haiwezi kuwa ya mwingine. O V kwenye 1371, pamoja na ile misitu ya Fe V na Ni V, huanzia kwenye elektroni iliyokwisha pandishwa ngazi ndani ya ioni. Gesi nyembamba na baridi iliyo kati ya nyota haina elektroni za namna hiyo. Zake zote zimelala ngazi ya chini kabisa. Kwa hiyo O V, chuma na nikeli ni mashahidi wa nyota peke yake. Wapime ishirini au thelathini, chukua wastani: utapata karibu 24. Bonde la 23.8 limepata mwenyewe.

(Ujue pia kwamba hiyo 24 yote si mwendo. Kilomita 15 hivi ni mwanga uliochoka kupanda kutoka kwenye mvutano wa kibete, ukasogea upande wa nyekundu. Einstein alishatuonya.)

Sasa mashahidi wa upande wa pili. Si II, C II, O I na Mg II ni ioni za gesi baridi. Kwenye kelvini 52,500 karibu zote zingekuwa zimevuliwa elektroni zaidi. Zipime. Utakuta miendo miwili, kama 19 na kama 8.6. Ya 19 ni ya wingu ambalo Jua letu lenyewe limo ndani yake au ukingoni mwake. Ya 8.6 ni ya wingu jingine, linaloitwa la Hyades.

Halafu linakuja tatizo. Lile bonde la pili la C IV, la 8.3, linakaribiana mno na wingu la Hyades. Ungedhani kesi imekwisha. Lakini mawingu haya yana joto la kelvini 7,000 hivi, na joto hilo halina ubavu wa kuivua kaboni elektroni tatu. Kuna kitu kingine kinachoivua, na anayeshukiwa zaidi ni nyota yenyewe kwa mwanga wake mkali. Huenda ni gesi ya wingu iliyo karibu na nyota, huenda ni mabaki ya magamba iliyoyamwaga, huenda ni vumbi la vimondo na sayari zilizopikwa mpaka zikawa mvuke. Watafiti wamebishana kuhusu hilo kwa miaka, kwenye nyota hii na wenzake kadhaa. Wewe andika kwenye daftari lako: C IV, 8.3, si ya angahewa. Usiandike zaidi ya hapo.

Swali la pili la kumbana nalo ni unene. Kaboni kwenye joto la nyota hutetemeka kwa kilomita 8.5 hivi kwa sekunde, na mtetemo huo ndio unaoupanua mstari. Kwenye wingu la kelvini 7,000 ni 3.1 tu. Chuma, kwa uzito wake, hata kwenye nyota hakizidi 4. Ukikuta mstari unaodai ni wa chuma nao una upana wa 12, ama ni mistari miwili iliyolaliana, ama si chuma.

La tatu ni upacha. C IV, N V na Si IV huja wawiliwawili. Kila bonde unalolikuta kwa pacha mmoja lazima ulikute kwa mwenzake, kwa mwendo ule ule. Pacha wa kwanza ana nguvu mara mbili ya wa pili. Mstari ukiwa mwepesi, eneo la wa kwanza ni mara mbili; ukikuta yamekaribia kulingana, ujue mstari umeshiba, na kuongeza ioni hakuongezi tena kina sana. Pacha mmoja akikosekana kabisa, rudi mwanzo.

Na Lyman-alpha, ule mstari mkubwa wa hidrojeni kwenye 1215.67? Uache kwanza. Ndani yake kuna hidrojeni ya nyota, ya mawingu yote mawili, deuteriamu kwenye 1215.34, na mwanga wa hidrojeni iliyoko juu ya Dunia yetu unaomwagika katikati. Ni kesi ya urithi yenye wajane wanne.

Hatua ya 5: Pima eneo la bonde

Mstari ukishapata mwenyewe, pima umefyonza kiasi gani. Kipimo chake huitwa upana linganifu: upana wa mstari mweusi tititi ambao ungekata mwanga sawa na bonde lako.

Kwanza chora kiwango cha msingi, yaani mwanga ungekuwaje kama bonde lisingekuwepo. Chagua sehemu safi kushoto na kulia, pitisha mstari mnyoofu au mpindo mwepesi. Gawanya mwanga kwa kiwango hicho ili nje ya bonde pawe 1. Tuseme bonde lako lina pikseli tano, kila moja ina upana wa angstromu 0.005, na mwanga uliobaki ni 0.9, 0.7, 0.5, 0.7 na 0.9. Kilichokosekana ni 0.1, 0.3, 0.5, 0.3 na 0.1, jumla 1.3. Zidisha kwa 0.005: angstromu 0.0065, au miliangstromu 6.5.

Kosa lake je? Kama kelele ni asilimia 2 kwa pikseli, kosa la jumla ni 0.005 × 0.02 × kipeuo cha pili cha 5, kama miliangstromu 0.22. Safi kabisa. Lakini kama kiwango chako cha msingi kimekosewa kwa asilimia hiyo hiyo 2, pikseli zote tano zinakosewa upande mmoja, na kosa linakuwa 0.5, zaidi ya mara mbili. Kwa mstari mpana wa pikseli 60 kosa hilo linafika 6. Ndiyo maana nasema anayechora kiwango cha msingi kwa haraka amepoteza kazi yote ya Hubble. Kichore mara tatu, siku tatu tofauti, bila kutazama ulichochora jana. Tofauti kati ya hizo tatu ndiyo kosa lako halisi.

Kuwa mwangalifu zaidi kati ya 1370 na 1460 palipojaa chuma, na kati ya 1250 na 1350 nikeli inapobanana. Huko sehemu inayoonekana safi mara nyingi ni mistari midogo mingi iliyoungana, na kiwango chako kitakaa chini kuliko ukweli bila wewe kujua.

Hatua ya 6: Kutoka eneo hadi kiasi

Kwa gesi ya mawingu, mstari mwepesi una njia ya mkato: zidisha upana linganifu kwa 1.13 × 10²⁰, gawanya kwa nguvu ya mstari (ile f ya kwenye orodha) na kwa mraba wa urefu wa wimbi; upana na wimbi viwe kwa angstromu. Unapata idadi ya ioni kwa kila sentimita mraba ya njia.

Kwa angahewa ya nyota mkato huo usiuguse. Huko mwanga na gesi vinabadilishana kila mahali, joto linapungua ukienda juu, na mwanga wenyewe ndio unaoamua ioni zipi ziwepo. Inatakiwa modeli. Zinazotumika sana ni TLUSTY na SYNSPEC za Ivan Hubeny na Thierry Lanz, na TMAP ya Tübingen nchini Ujerumani. Usijaribu kuandika yako. Chukua iliyokokotolewa tayari kwa joto na mvutano unaokaribia, iweke juu ya grafu yako, ongeza au punguza kiasi cha chuma mpaka mabonde yalingane.

Jambo moja litakushangaza. Ukitumia modeli ya hidrojeni tupu, joto la nyota hii linatoka juu, karibu kelvini 60,000. Ukiongeza zile atomu chache za chuma na nikeli, jibu linashuka kwa kelvini elfu kadhaa. Uchafu kidogo kiasi kile, nao unabadili joto la nyota nzima, kwa sababu unaziba njia ambazo mwanga ungetokea.

Hatua ya 7: Rudia kazi kwa HZ 43

Ukimaliza, usihamie kwenye nyota yenye mistari mingi zaidi. Hamia kwenye isiyo nayo. HZ 43 ni kibete cheupe chenye joto la karibu kelvini 50,000, halipishani sana na la G191-B2B, nacho kina historia iliyopita Pwani yetu. Mei 1975 setilaiti ndogo ya SAS-3 ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, mahali pale pale iliporushwa setilaiti ya eksirei ya Uhuru mwaka 1970. Miongoni mwa iliyoyanasa ni eksirei laini kutoka HZ 43. Eksirei laini haziwezi kutoka kwenye nyota iliyofunikwa na chuma, chuma kingezimeza. Kwa hiyo lile joto la ndani lilikuwa linatoka moja kwa moja, kama nyumba isiyo na pazia.

Chukua spektra za HZ 43 zilizopigwa na IUE, setilaiti ya zamani ya urujuanimno, ambazo nazo zimo MAST. Ukali wake ni mdogo, karibu moja ya kumi ya E140H, lakini kwa swali hili unatosha. Chora kiwango cha msingi kati ya 1546 na 1553 kwa uangalifu ule ule, mara tatu, siku tatu. Tafuta C IV pacha zote mbili. Kisha andika kwenye daftari upana linganifu mkubwa kabisa ambao mstari ungeweza kuwa nao ukajificha ndani ya kelele yako, kwa miliangstromu, na kosa lake pembeni.